Herufi Mbili

Mimi ni karani wa mahakama, Urambo.
Kazi yangu ni kuandika, si kuamini.
Meza yangu ina mguu mmoja mfupi,
nimeukunjia kipande cha gunia la tumbaku,
jua likipanda chumba kizima kinanukia shamba.

Jumanne wamemleta Nkwabi Mihayo
kwa marobota manne ya chama cha msingi.
Kelele za nje zimeingia naye:
Mwizi! Mwizi huyo! Tuachieni, tummalize wenyewe!
Neno hilo lina silabi mbili tu,
hutoka mdomoni kabla ya mate.
Mimi kwenye jalada sina ruhusa nalo.
Mimi huandika: mshtakiwa.
Silabi nne. Ukizitamka zote hadi mwisho,
jiwe limeshaanza kumchoka mtu mkononi.

"Mheshimiwa," kasema mwendesha mashtaka,
"ushahidi wa kwanza ni mikono. Itazame."
Nkwabi akaiinua. Viganja vyeusi,
ulimbo wa majani umeganda kwenye mikunjo,
sabuni imejaribu, ikakata tamaa.
Nikaitazama ya askari wa mlangoni, aliyechuma Jumapili.
Nikaitazama ya mama aliyenyonyesha benchi la nyuma.
Nikatazama kidole changu cha kati, chini ya wino.
Wilaya nzima tumevaa glavu moja.

Alisomewa shitaka kwa Kiswahili cha karatasi.
Akajibu "ndiyo"
kama anayeitikia salamu.
Kalamu yangu ilikuwa imeshafika kwenye *amekiri*
hakimu alipoinua mkono:
"Asomewe tena. Kwa Kinyamwezi. Polepole."
Mzee Kasubi, mfagiaji,
akaegemeza ufagio ukutani, akaapa, akatafsiri.
Nkwabi akasikiliza mpaka kwenye marobota,
akageuka nyuma kutazama ni nani anayesemwa.
Nyuma yake palikuwa na ukuta.
"Yaya," akasema. "Yaya, yaya."
Kwa Kiswahili huyo ni mlezi wa mtoto.
Kwao ni hapana.
Nikaandika: amekana.

Katiba ipo kwenye droo ya chini.
Panya wameanza na jalada, wakala dibaji,
hawajafika ibara ya kumi na tatu,
pale inapokatazwa kumtendea mtu kama mkosaji
kabla hatia haijathibitika.
Huwa naikagua kila Ijumaa.
Sijui kama nawaogopa panya
au naogopa kukuta wameishia hapo, wameshiba.

Upelelezi haujakamilika.
Hiyo sentensi naiandika nimefumba macho.
Wiki mbili. Upelelezi haujakamilika.
Wiki mbili tena. Majani yakachumwa bila yeye,
yakakaushwa, mnada ukapita,
mabivu yaliyosahaulika yakaoza kwenye mashina.
Mkewe, Kalunde, huja na barua ya mtendaji wa kijiji
imekunjwa mara nyingi mpaka muhuri umekatika vipande vinne.
Mdhamini wa kwanza anaye.
Wa pili aliahidi, kisha majirani wakamuuliza
tangu lini amekuwa rafiki wa wezi.

Leo ni mara ya tisa.
Vidole vimechoka, nimechapa:
*Mshtaki yupo mahakamani.*
Herufi mbili zimenidondoka.
Nikainua macho.
Amekonda, shati limekuwa la kaka yake mkubwa.
Hamtazami hakimu wala mwendesha mashtaka.
Ananitazama mimi,
kwa adabu,
kama mtu anayengoja karani amalize kuandika
malalamiko yake.

Nimechukua wino mweupe, nikafuta, nikapuliza.
Nimeirudisha w, nikairudisha a,
maana humu ndani hana blanketi jingine.
Hakimu amesoma, ametia sahihi, ametaja tarehe.

Lakini karatasi hiyo
ukiiinua dirishani, jua likipita nyuma yake,
lile neno la kwanza
bado linasomeka.